Je, Microsoft iuze biashara yake ya Xbox?

Kampuni ya Microsoft ya Marekani inafahamika zaidi kwa programu ya Windows, inayoendesha kompyuta nyingi za ofisini na shuleni. Lakini tangu Novemba 2001 kampuni hiyo inauza pia mashine ya michezo ya video iitwayo Xbox. Mashine hiyo huunganishwa na televisheni, mchezaji akashika kidude cha kuchezea mkononi, na mchezo ukaonekana kwenye skrini.

Kwetu Afrika Mashariki Xbox si ya kawaida. Kwenye vibanda vya gemu, ambako vijana hulipia mechi moja moja ya mpira, mashine utakayoikuta mara nyingi ni PlayStation ya kampuni ya Sony ya Japani. Duniani kote hali inaelekea huko huko: Xbox imekuwa nyuma ya mshindani wake kwa miaka mingi.

Ndiyo maana swali hili limekuwa likirudi kwa zaidi ya miaka kumi: Microsoft iuze biashara hii, au iendelee nayo? Msikilizaji, unaweza kuona kwamba hayo ni mambo ya matajiri wa mbali. Lakini ndani yake kuna maswali mawili ambayo kila mwenye duka na kila mwenye simu anayajua. La kwanza: ufanye nini na tawi la biashara linalosuasua wakati matawi mengine yanaleta faida? La pili: aliyenunua kwenye tawi hilo atabaki na nini siku likiuzwa au kufungwa?

Mashine haiuzwi kwa faida

Mei 2021, katika kesi kati ya kampuni za Epic Games na Apple huko California, kiongozi mmoja wa Microsoft, Lori Wright, alitoa ushahidi mahakamani. Alipoulizwa kuhusu Xbox, alisema kampuni haijawahi kupata faida kwa kuuza mashine zenyewe.

Hilo si ajabu katika biashara hii. Fikiria laini ya simu. Wakala hukuuzia kwa bei ndogo, na wakati mwingine hukupa bure. Kampuni ya simu haitegemei kadi ile. Inategemea salio na bando utakalonunua mwezi baada ya mwezi.

Xbox inaendeshwa vivyo hivyo. Mashine ni laini, gemu ni bando. Kampuni nyingine ikiuza gemu yake kwenye duka la Xbox, Microsoft hukata takriban dola 30 katika kila dola 100. Tangu 2017 kuna pia huduma ya Game Pass: mteja analipa kila mwezi na kupata gemu nyingi kwa pamoja.

Kwa hiyo kusema tu kwamba mashine inauzwa kwa hasara hakutoshi kuamua. Cha kuuliza ni kama mashine zilizoko majumbani kwa watu ni nyingi kiasi cha kuleta fedha za gemu. Hapo ndipo Microsoft ilipoteleza.

Ilipoteleza wapi?

Xbox 360, iliyotoka 2005, ilifanya vizuri. Ziliuzwa zaidi ya milioni 80, karibu sawa na mshindani wake wa wakati huo. Lakini nyingi ziliharibika, na mwaka 2007 kampuni ililazimika kutenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili ya matengenezo na kuongeza muda wa dhamana hadi miaka 3.

Pigo kubwa lilikuja 2013 na Xbox One. Iliuzwa dola 499 wakati PlayStation 4 ilikuwa dola 399, kwa sababu mnunuzi alilazimika kuchukua pamoja nayo kamera maalumu. Kabla haijaingia sokoni kampuni ilitangaza pia kwamba mashine itapaswa kuungana na intaneti angalau mara moja kila saa 24, na kwamba kuuza au kuazimishana diski zilizotumika kutawekewa masharti. Wateja walikasirika. Juni mwaka huo huo kampuni ikarudi nyuma na kufuta masharti hayo, lakini jina lilikuwa limeshachafuka.

PlayStation 4 iliuzwa zaidi ya milioni 117. Microsoft iliacha kutangaza idadi ya mashine zake, na mwaka 2022, katika nyaraka ilizowasilisha kwa mamlaka ya ushindani ya Brazili, ilikubali kwamba Sony iliuza zaidi ya mara mbili yake.

Kushindwa kipindi kimoja kuna gharama ya muda mrefu, kwa sababu mteja hufungwa na alichonunua. Mwenye gemu 20 za PlayStation hawezi kuzihamishia kwenye Xbox. Akitaka mashine mpya, atanunua itakayofungua gemu zake za zamani, na ambayo rafiki zake wanacheza.

Wanaosema iuzwe

Hoja ya kwanza ni hesabu. Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2025, Microsoft iliingiza zaidi ya dola bilioni 281. Michezo ilichangia takriban bilioni 23, yaani chini ya dola 9 katika kila dola 100. Mapato ya mashine za Xbox yalishuka kwa asilimia 25 mwaka huo. Wakati huo huo kampuni inamwaga mabilioni kwenye akili bandia. Wanaotaka iuzwe wanasema tawi dogo linalopungua linamchosha mwenye mali na kumpotezea muda.

Hoja ya pili ni wafanyakazi. Januari 2024 Microsoft iliondoa watu 1,900 katika idara ya michezo. Mei mwaka huo ilifunga baadhi ya studio zake za kutengeneza gemu. Julai 2025 ilitangaza kupunguza takriban watu 9,000 katika kampuni nzima, na idara ya michezo haikusalimika. Wenye hoja hii wanasema mmiliki ambaye michezo ndiyo kazi yake kuu angeilea biashara hii vizuri zaidi.

Hoja ya tatu ni bei. Kwa kawaida mashine ya gemu hushuka bei kadiri inavyozeeka. Xbox Series X ilitoka 2020 kwa dola 499, na kufikia Oktoba 2025 bei yake Marekani ilikuwa imepanda hadi dola 649. Mwezi huo huo, daraja la juu la Game Pass lilipanda kutoka karibu dola 20 hadi karibu dola 30 kwa mwezi. Wakosoaji wanaona kwamba wateja waliobaki wanabebeshwa mzigo.

Wanaosema isiuzwe

Upande wa pili unauliza: utauza nini hasa? Mashine peke yake haina thamani kubwa. Thamani iko kwenye gemu. Mwaka 2014 Microsoft ilinunua kampuni iliyotengeneza Minecraft kwa dola bilioni 2.5. Oktoba 2023 ilikamilisha ununuzi wa Activision Blizzard, wenye gemu ya Call of Duty, kwa takriban dola bilioni 69.

Ukiuza mashine bila gemu, mnunuzi anapata duka lisilo na bidhaa. Ukiuza vyote kwa pamoja, wenye uwezo wa kulipa ni wachache duniani. Tena mamlaka za ushindani za Marekani na Uingereza zilipinga ununuzi ule wa Activision kwa muda mrefu. Hazitanyamaza mali hiyo ikihamia kwa kampuni nyingine kubwa.

Kuna jambo jingine. Mwaka ule ule ambao mapato ya mashine yalishuka kwa asilimia 25, mapato ya gemu na huduma za Xbox yalipanda kwa asilimia 16. Kwa mfano wetu wa laini, kadi haziuziki, lakini bando linanunuliwa. Tawi la namna hiyo halijafa.

Mifano miwili ya zamani

Mfano wa kwanza tunaujua vizuri huku kwetu: Nokia. Mwaka 2014 Microsoft ilinunua biashara ya simu ya Nokia kwa zaidi ya dola bilioni 7. Mwaka mmoja tu baadaye ilifuta dola bilioni 7.6 kwenye vitabu vyake, ikikubali kwamba fedha hizo hazitarudi. Mwaka 2016 iliuza sehemu ya simu za kawaida kwa dola milioni 350, na jina la Nokia kwenye simu likachukuliwa na kampuni ya HMD ya Finland. Simu nyingi za vitufe zenye jina la Nokia zilizouzwa kwenye maduka yetu baada ya hapo zinatokana na mpango huo. Aliyechelewa kuuza aliuza kwa bei ya hasara.

Mfano wa pili ni Sega ya Japani. Januari 2001 ilitangaza kwamba itaacha kutengeneza mashine yake ya Dreamcast. Haikumuuzia mtu biashara yake. Iliacha mashine, ikabaki kutengeneza gemu na kuziuza kwenye mashine za waliokuwa wapinzani wake. Sega ipo hadi leo.

Microsoft imeshika njia gani?

Kwa matendo yake, Microsoft inakwenda njia iliyo karibu na ya Sega, lakini bila kuacha mashine. Aprili 2025 gemu yake ya magari, Forza Horizon 5, ilianza kuuzwa kwenye PlayStation 5. Oktoba 2025 ilitangaza kwamba gemu ya Halo, iliyoijengea Xbox jina tangu siku ya kwanza, itaingia PlayStation pia. Mwezi huo huo kampuni ya Asus ilianza kuuza mashine ya mkononi yenye jina la Xbox. Na Juni 2025 Microsoft ilitangaza ushirikiano na kampuni ya AMD kutengeneza vifaa vya ndani vya mashine zijazo.

Ukipima yote hayo, kuuza biashara nzima sasa kungekuwa kosa. Gemu zinaleta fedha, na mnunuzi angelipa bei ya tawi linalosuasua kwa mali iliyonunuliwa ghali. Kuwaachia wengine kama Asus watengeneze mashine, huku Microsoft ikibaki na gemu, kunaeleweka zaidi.

Lakini njia hiyo ina hatari yake. Gemu zote zikipatikana kwenye PlayStation, kwa nini mtu anunue Xbox? Mashine inaweza kufa polepole bila kuuzwa na bila kutangazwa kufungwa.

Mteja anabaki na nini?

Hapa ndipo Xbox inapotofautiana na simu ya vitufe. Nokia ilipobadilisha mwenyewe, simu yako iliendelea kupiga kama jana. Gemu nyingi za siku hizi haziko kwenye diski. Mteja hulipa, kisha hupakua kutoka kompyuta za kampuni kupitia akaunti yake. Kompyuta hizo zikizimwa, alicholipia kinaweza kutoweka.

Julai 2024 Microsoft ilifunga duka la gemu la Xbox 360. Hakuna kununua tena humo, ingawa waliokwisha kununua waliruhusiwa kuendelea kupakua na kucheza. Huo ulikuwa mwisho wa heshima. Mnunuzi mpya wa biashara hii halazimiki kufanya hivyo, isipokuwa akifungwa na mkataba. Kwa hiyo Xbox ikiwekwa sokoni siku moja, sharti la kwanza liwe kulinda gemu ambazo watu wamekwisha kuzilipia, na liandikwe kabla ya kutaja bei.

Hata kama hujawahi kugusa Xbox, jambo hili linakuhusu ukinunua wimbo, kitabu au programu kwa simu. Kabla ya kulipa, jiulize mambo matatu. Je, kitafunguka bila bando? Je, kimehifadhiwa kwenye simu yangu au kwenye akaunti ya kampuni? Je, nikibadilisha simu nitakipata tena? Jibu likiwa linaitegemea kampuni peke yake, basi hujanunua, umekodi, na bei unayolipa ilingane na kukodi.