MAJANI YAZIKWE, YASICHOMWE
Kilimo kisichotegemea samadi wala mbolea ya chumvichumvi

Kila msimu makatibu wa vyama vya msingi huandika katika daftari la mikopo idadi ya mifuko ya mbolea ya chumvichumvi waliyochukua wanachama, na deni hilo hukatwa mazao yanapouzwa. Mvua zikiwa njema, deni hulipika. Mvua zikikosekana, au bei ya mbolea ikipanda kama ilivyopanda duniani kote mwaka 2021 na 2022, deni hubaki mgongoni mwa mwanachama na mgongoni mwa chama chake. Mwanachama wa namna hiyo hushauriwa atumie samadi, naye hana hata mbuzi mmoja. Je, hana njia nyingine? Njia ipo. Lakini ina masharti, na ni vema masharti hayo yajulikane kabla ya jembe kushikwa.

Daftari la udongo

Udongo hauna tofauti na akaunti ya akiba. Tani moja ya punje za mahindi, yaani magunia 10 ya kilo 100, huondoka shambani na kiasi cha kilo 15 za naitrojeni, kilo 3 za fosforasi na kilo 4 za potasiamu. Mkulima anayeuza mahindi bila kurudisha kitu anatoa fedha asizoweka. Kwa hiyo asiyetumia samadi wala mbolea ya dukani hana budi kujua kila chakula cha mmea kitatoka wapi.

Naitrojeni imejaa hewani, ila mahindi hayawezi kuichukua huko. Mimea ya jamii ya kunde, kama maharage, mbaazi na marejea, husaidiwa na vijidudu viishivyo katika vinundu vya mizizi yake. Vijidudu hivyo huikamata naitrojeni na kuipa mimea. Mkulima anaweza kujihakikishia mwenyewe: ang'oe mche taratibu na kupasua kinundu. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kazi inafanyika. Kikiwa cheupe au cha kijani, haifanyiki.

Potasiamu nyingi ya mahindi hubaki katika mabua, hivyo mabua yakibaki shambani, sehemu kubwa ya akiba hiyo inabaki. Moto huacha potasiamu na fosforasi katika majivu, ambayo upepo na mvua huyachukua upesi, lakini naitrojeni hupotea na moshi papo hapo. Anayechoma majani anachoma sehemu ya akiba yake.

Ngoro za Wamatengo

Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, wamelima kwa zaidi ya miaka mia katika miteremko ambayo mahali pengine ingekwisha kuwa makorongo. Njia yao huitwa ngoro. Mnamo mwezi Machi, majani marefu ya shamba lililopumzishwa hufyekwa na kuachwa yakauke. Kisha hupangwa kwa mistari inayokatana, ikafanya miraba. Udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kutupwa juu ya majani, hata yakafunikwa kabisa. Mwishowe shamba zima huwa na mashimo yaliyozungukwa na matuta. Mashimo huyazuia maji na udongo visiteremke, na majani huoza ndani ya matuta.

Maharage ndiyo hupandwa kwanza, na mahindi hufuata msimu wa pili. Mpango huu una maana kubwa. Majani makavu yanapoanza kuoza, vijidudu vinavyoyaozesha hutumia naitrojeni iliyomo udongoni. Mahindi yakipandwa wakati huo huweza kugeuka manjano, lakini maharage hujitafutia sehemu ya naitrojeni yao hewani. Mahindi yajapo, majani yamekwisha kuoza na kuanza kulisha.

Marejea ya Peramiho

Mkoani humo humo, katika miaka ya 1980, Wabenediktini wa Peramiho, hasa Padri Gerold Rupper, walieneza kilimo cha marejea kama mbolea ya kijani. Marejea hupandwa, hukua haraka na kuyafunika magugu. Yaanzapo kutoa maua, kabla mashina hayajawa magumu, hukatwa na kufukiwa. Mbichi hivyo, huoza upesi kuliko majani makavu, na baada ya majuma machache zao jingine huweza kupandwa. Sehemu ndogo iachwe ikomae ili kupata mbegu, na mbegu hizo zisichanganywe na nafaka ya chakula.

Masharti yasiyofichika

Kwanza, njia hizi si za bure. Badala ya fedha hulipwa nguvu na nafasi. Katika ngoro, kwa desturi, wanaume hufyeka na kupanga majani, na wanawake huchimba na kupanda. Chama kinachohimiza ngoro bila kuzungumzia mgawanyo wa kazi kinaongeza mzigo kwa akina mama. Marejea nayo hukalia shamba ambalo lingeota chakula.

Pili, jamii ya kunde haiumbi fosforasi. Majivu ya jikoni na mabaki ya mazao hurudisha kiasi tu, na udongo uliokwisha kabisa hautaponywa kwa marejea peke yake. Bwana shamba aombwe ushauri, na udongo upimwe inapowezekana.

Tatu, mwanachama mwenye deni asiache mbolea ya chumvichumvi shamba zima kwa mara moja. Mavuno ya msimu wa kwanza yaweza kupungua wakati deni la mwaka uliopita bado linadai. Aanze na robo eka.

Kazi ya katibu

Katibu wa chama aweza kufanya mambo manne:
(a) Kutafuta wanachama watano walio tayari kutenga robo eka kila mmoja.
(b) Kuweka ghala dogo la mbegu za marejea, ambamo aliyekopa kilo moja hurudisha kilo moja na nusu baada ya kuvuna.
(c) Kuandika kwa kila shamba siku za kazi, nani aliyezifanya, na mavuno yaliyopimwa kwa mizani.
(d) Kuyasoma matokeo katika mkutano mkuu, mazuri na mabaya, baada ya misimu isiyopungua miwili.

Hesabu hizo ndizo zitakazoamua kama chama kiagize mifuko michache zaidi mwaka utakaofuata. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Udongo ni mali ya kwanza ya mwanachama, nao unastahili ukurasa wake katika daftari la chama.