Waya Mpya Katika Gari Kuukuu

Volkswagen Beetle za zamani zilitumia betri ya volti 6. Za baadaye zikapewa ya volti 12. Baadhi ya wenye magari hayo, wakinunua seti mpya ya waya iliyokwisha kukatwa na kuwekewa alama, hubadilisha na betri pia. Kwa nini?

Chukua taa mbili za wati 30 kila moja, zilizounganishwa sambamba. Kwa volti 6 zitavuta ampea 10. Taa za wati hizohizo zilizotengenezwa kwa volti 12 zitavuta ampea 5 tu. Sasa tuseme waya unaozilisha una ukinzani wa omu 0.1. Ampea 10 zitageuza wati 10 kuwa joto ndani ya waya. Ampea 5 zitageuza wati 2.5. Hiyo ni robo, si nusu, kwa kuwa nguvu inayopotea ni mraba wa mkondo mara ukinzani. Wengi huandika nusu, na alama zinakwenda.

Fyuzi hulinda waya. Waya unaohimili ampea 10 ukiuwekea fyuzi ya ampea 30, siku ya shoti waya unaweza kuwaka fyuzi ikiwa nzima. Ndiyo maana fyuzi huwekwa karibu na betri: kipande cha waya kilicho kabla yake hakina mlinzi.

Ukiulizwa kwa nini waya mmoja tu unafika kwenye taa, taja bodi. Chuma cha gari ndicho njia ya umeme kurudi kwenye betri. Kikiwa na kutu pale kinapoungwa, ukinzani hupanda na taa hufifia, hata kama seti ya waya ni mpya.