Mama Yetu Hawa: Je, Alikosa Peke Yake?

Mwezi huu twataka kunena nanyi habari za mtu ambaye jina lake latajwa mara nyingi majumbani mwetu, na mara nyingi latajwa kwa lawama. Mtu huyo ni Hawa, mama wa kwanza. Chakula kikiungua, mume asema, "Ndivyo mlivyo, binti za Hawa." Mke akitoa shauri lake, wazee wacheka na kusema kwamba Adamu naye alisikiliza shauri la mkewe, akafukuzwa bustanini. Nasi tuliokabidhiwa kazi ya kufundisha tumesema hayo hayo mbele ya ubao, wala hatukuona haya.

Twaungama kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa darasa letu la ubatizo alishikwa na uchungu wa kuzaa. Usiku wa pili mumewe alitujia, akauliza kama yafaa kumchukua hospitali, maana njia ni ndefu. Tulimwambia angoje hata kupambazuke, kwani uchungu huo ni fungu la wanawake tangu Hawa. Hatukusema kwa ubaya. Tulisema kama tulivyofundishwa. Kulipokucha wakamchukua kwa machela. Mama akapona, mtoto hakupona.

Baadaye alirudi darasani, akaketi mahali pake. Tulipofika sura ya tatu ya kitabu cha Mwanzo akainua mkono, akauliza neno moja tu: "Mwalimu, nyoka aliposema na Hawa, Adamu alikuwa wapi?" Hatukuwa na jibu. Tukaenda nyumbani, tukafungua Kitabu, tukasoma polepole kama mtu ahesabuye fedha ya mwenzake. Basi, haya ndiyo tuliyoyaona.

Kwanza, tazameni amri ilitolewa lini. Katika sura ya pili Mungu alimkataza Adamu tunda la mti ule kabla mwanamke hajaumbwa. Haikuandikwa kwamba Mungu aliirudia amri hiyo mbele ya Hawa. Yamkini aliipokea kwa mumewe. Na alipomjibu nyoka aliongeza jambo ambalo halimo katika amri ya kwanza, la kwamba mti usiguswe. Mwalimu akiona mwanafunzi amekosea somo, na ajiulize kwanza jinsi alivyomfundisha.

Pili, Adamu alikuwa wapi? Alikuwapo. Kiebrania cha Mwanzo 3:6 chasema waziwazi kwamba Hawa alimpa mumewe aliyekuwa pamoja naye. Tena nyoka hasemi na mtu mmoja. Maneno yake ni ya wingi, na hata katika Kiswahili chetu wingi huo waonekana. Lakini Hieronimo, aliyemaliza kuifasiri Biblia kwa Kilatini karibu na mwaka 405, hakuliweka neno hilo la "pamoja naye", na Kanisa la Magharibi lilisoma Kilatini hicho kwa zaidi ya miaka elfu. Katika Biblia ya Kiswahili ya Union iliyochapwa mwaka 1952 pia neno hilo halipo. Kwa hiyo msomaji adhani kwamba Adamu alikuwa mbali, akaletewa tunda asijue litokako. Sivyo. Alisimama pale, akasikia yote, akanyamaza.

Tatu, Hawa aliitwa msaidizi, nasi tumelifanya neno hilo kuwa sawa na mtumishi wa jikoni. Lakini neno la Kiebrania, "ezeri", ndilo litumikalo katika Zaburi kwa Mungu mwenyewe, aliye msaada wa Israeli. Musa naye alimwita mwanawe Eliezeri kwa kuwa Mungu alikuwa msaada wake. Nani atathubutu kusema kwamba Mungu ni mdogo kwa sababu asaidia?

Nne, hukumu. Hesabuni waliolaaniwa katika sura ya tatu: ni nyoka, kisha ardhi. Mwanamke aliambiwa taabu zitakazomjia, mwanamume naye vivyo hivyo, lakini neno la laana halikuwekwa juu ya kichwa cha mmojawapo. Na walipoulizwa, Adamu alimshitaki mkewe, tena akamgusa Mungu mwenyewe aliyempa mke huyo. Mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake. Hawa naye alimtaja nyoka, lakini alikiri kwamba alidanganywa, na kwamba alikula.

Hatusemi kwamba Hawa hakukosa. Alikosa. Mtume Paulo, akimwandikia Timotheo, asema kwamba mwanamke ndiye aliyedanganywa. Lakini Paulo huyo huyo, katika Warumi sura ya tano na katika Wakorintho wa kwanza sura ya kumi na tano, aeleza jinsi dhambi na mauti zilivyoingia ulimwenguni, na jina alitajalo ni la Adamu. Basi tusichukue nusu ya ushuhuda na kuiacha nusu.

Huenda mtu akauliza, lawama hizi nyingi zilitoka wapi? Bin Sira, mwalimu wa Kiyahudi, aliandika kama miaka 180 kabla ya Kristo kwamba dhambi ilianza kwa mwanamke. Karibu na mwaka 200 baada ya Kristo, Tertuliano wa Kartago, mji wa Afrika ya kaskazini, aliwaandikia wanawake kwamba kila mmoja wao ni Hawa, na kwamba kwao Ibilisi alipata pa kuingilia. Wote walikuwa wanaume, wakinena habari za mtu asiyekuwapo kujijibia. Msema pweke hakosi.

Na habari za uchungu je? Mwaka 1847, huko Edinburgh, daktari James Young Simpson alianza kutumia dawa iitwayo klorofomu kupunguza maumivu ya wazazi. Akajua kwamba watu watamletea aya ya Hawa, akaandika kijitabu cha kuwajibu. Alionyesha kwamba neno la Kiebrania katika hukumu ya mwanamke lina maana ya taabu ya kazi. Tena akakumbusha kwamba Mungu alimtia Adamu usingizi mzito kabla ya kumtwaa ubavu. Mwaka 1853 Malkia Victoria wa Uingereza alitumia dawa hiyo alipojifungua. Sisi twaongeza hili: neno lile lile la taabu alilopewa Hawa, Adamu naye alipewa katika aya ifuatayo, kwa habari ya shamba. Nasi wanaume twatumia plau na ng'ombe ili kupunguza jasho, wala hapana mzee atukatazaye kwa ajili ya Adamu. Kwa nini basi tumkataze mke hospitali kwa ajili ya Hawa?

Liko jambo la mwisho. Katika mji wa Istanbul, ulioitwa zamani Konstantinopoli, kuna jengo la kale la kanisa la Chora, na ukutani mwake imo picha ya Ufufuo iliyochorwa kati ya mwaka 1315 na 1321. Kristo amesimama juu ya milango ya mauti iliyovunjika. Kwa mkono mmoja amvuta Adamu kutoka kaburini, na kwa mkono wa pili amvuta Hawa. Hakumwacha ndani. Basi, ikiwa Bwana amemshika mkono, sisi ni nani hata tumrudishe kaburini kila siku kwa maneno yetu?

Enyi waalimu, mfundishapo sura ya tatu, mfundisheni Adamu pamoja na Hawa. Enyi akina baba, jioni moja isomeni nyumbani mbele ya wake zenu na watoto, kisha waulizeni wao waliyoyasikia, nanyi mnyamaze msikilize. Na mke akishikwa na uchungu usiku, msingoje kupambazuke.

Mama yule aliyetuuliza, tulimwendea nyumbani kwake tukamwomba radhi mbele ya mumewe. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwalimu, waambie na wengine." Ndiyo sababu tumeyaandika haya.