Daftari Tulilolichoma: Watoto Wetu na Sanaa za Nyumbani



Mwezi wa Februari 2025, hapa kwetu Ngerengere, tulilikuta daftari la hesabu la mtoto wetu wa pili limejaa picha. Hesabu zilikuwa kurasa tisa tu. Baada ya hapo ni mbuzi, mama muuza ndizi na beseni lake kichwani, na treni mpya ya umeme, ile iliyoanza safari za Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, imechorwa na madirisha yake yote. Baba alifikiria bei ya daftari. Mama alifikiria aibu ya kuitwa shuleni. Tukamgombeza, kisha daftari tukaliwashia moto wa jikoni, naye amesimama anatazama.

Mtoto hakulia. Angelia tungesahau mapema. Alichofanya ni kuacha kuchora. Mwezi ukapita, wa pili, wa tatu, hata vumbini kwa kijiti hakuchora tena, na daftari lake la hesabu likawa safi kama jipya. Mwalimu alimsifu. Sisi usingizi ulianza kupungua.

Tulipokuwa tukilijadili jambo hili na akina mama wenzetu, mmoja aliuliza kwa nini tusiwafundishe watoto nyumbani moja kwa moja, kama familia nyingine za Marekani zifanyavyo. Kwetu Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto aliyefikisha miaka saba aandikishwe shule na ahudhurie. Hata mtaala mpya ulioanza mwaka 2024 una somo la Sanaa na Michezo. Lakini darasa lina watoto wengi, na mwalimu ni mmoja. Jioni, Jumamosi na likizo ni zetu, na humo ndimo tulimoharibu wenyewe.

Aliyetufungua macho ni bibi yake mzaa mama, anayeishi juu milimani, upande wa Matombo. Likizo ya Juni tulimpelekea watoto. Yeye ni mfinyanzi, kama walivyokuwa mama yake na shangazi zake. Sasa sufuria zimeshuka bei na wanaomfuata kujifunza hakuna. Alimchukua mtoto wetu kwenda naye kuchimba udongo bondeni. Udongo aliuchanganya na vigae vya chungu cha zamani alivyovitwanga kinuni, akaukanda kama tunavyokanda unga wa chapati. Bibi hana gurudumu. Donge linakaa chini, yeye ndiye anayelizunguka, mgongo ameuinamisha, vidole ndani na kiganja nje. Kisha anakwangua kwa gunzi la mhindi na kusugua kwa kokoto laini ya mtoni. Mtoto alitengeneza kichungu chake, kimepinda upande mmoja kama mtu aliyeumwa jino.

Bibi alimwambia akiweke kivulini siku saba. Siku ya nne akakitia motoni kwa siri. Akina mama mliofinyanga mnajua kilichofuata: maji yaliyojificha ndani ya udongo hugeuka mvuke, na mvuke hutafuta mlango. Kichungu kilipasuka kwa mlio. Mtoto aligeuka kututazama sisi, si bibi, na uso ule hatutausahau. Alikuwa akingoja tumfanye kama siku ya daftari.

Bibi aliokota vipande, akavitia kinuni. “Twanga, mjukuu wangu. Huu ni udongo wa chungu chako kijacho.”

Tulirudi Ngerengere tukiwa wadogo. Usiku ule tulisoma Kutoka 31 na 35, mahali ambapo Mungu anamwita Bezaleli kwa jina na kumjaza roho yake ili afanye kazi ya dhahabu, mbao na mawe, na ambapo wanawake wanasokota nyuzi kwa mikono yao kwa ajili ya hema. Tumeisoma sura hiyo kanisani miaka mingi, na bado tulichoma daftari.

Mengine tuliyoanza hayakutugharimu sana. Rangi tunazitengeneza jikoni: nyeusi ya mkaa uliosagwa, nyekundu ya udongo wa njiani, njano ya manjano, maana milima yetu ina viungo tele. Tunazikoroga kwa uji mwepesi wa muhogo ili zishike. Karatasi ni maboksi ya dukani yaliyokatwa. Tukiona boksi ni kitu duni, tunawasimulia watoto habari za Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyeanza mwaka 1968 kuchora wanyama juu ya vipande vya hadibodi, kwa rangi za kawaida za dukani. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu baadaye, na leo mtindo wa uchoraji unaitwa kwa jina lake dunia nzima.

Muziki ulituletea mabishano zaidi. Kwaya hakuna anayeipinga. Watoto wanajifunza do, re, mi na wenzao na kurudi nyumbani wakigawana sauti wakiosha vyombo. Ila mtu wa Morogoro akisikia mtoto anapenda gitaa, anamkumbuka Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, aliyefariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979, na mama anaingiwa na hofu ya mabaa na usiku. Hofu hiyo tunayo pia. Na kuhusu ngoma za Kiluguru, baba aliona ni mambo ya kuachwa. Tulikubaliana hivi: nyimbo za kulima, za kutwanga na za kubembeleza mtoto bibi awafundishe zote, za unyago tuzizungumze binti atakapokua. Huenda wengine mtaona tumelegeza, wengine mtaona tumekaza.

Kazi za nyumbani hazijapungua, na hesabu anafanya kwanza. Baba alinunua daftari kubwa lisilo na mistari akaliweka mezani bila kusema neno. Likakaa pale Julai yote hadi Novemba, jeupe.

Desemba, tukihamisha magunia ya mahindi ghalani, tulikuta ukutani nyuma yake picha za mkaa: milima ya Uluguru na mawingu yake, bibi ameinama juu ya chungu, na treni. Amezichora mahali ambapo alijua hatutafika mpaka mahindi yaishe. Magunia tumeyarudisha palepale. Chokaa tuliyokuwa tumenunua kwa ajili ya ghala tumepaka chooni.