Mmea wa mfano wa jiwe huuawa na maji, wala si kiu

MMEA wa nyumbani unapoanza kukunjamana, wengi huuonea huruma na kukimbilia maji. Kwa lithopsi, huruma hiyo aghalabu huwa ndiyo hukumu ya kifo. Mmea huo mdogo, ambao mtu asiyeujua angedhani ni changarawe mbili zilizogandamana, umeumbwa kustahimili miezi mingi pasipo mvua. Katika mtaa kama Waithaka, magharibi mwa Nairobi, ambako mwezi wa Julai hugubikwa na mawingu na baridi, maji yasiyo na wakati wake huuozesha kabla mwenyewe hajang’amua kilichotokea.

Asili ya lithopsi ni maeneo makavu ya Namibia na Afrika Kusini. Mnamo 1811, msafiri Mwingereza William Burchell aliokota kitu alichodhani ni jiwe la umbo la ajabu karibu na Prieska, akagundua kuwa ni mmea. Jina Lithops, lenye maana ya sura ya jiwe kwa Kigiriki, lilitolewa na mtaalamu N. E. Brown mwaka wa 1922. Wapenzi wa lugha huenda wakafurahi kujua kwamba aliyekuja kuichunguza mimea hiyo kuliko wengi wengine ni Desmond Cole, profesa wa lugha za Kibantu katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand na mwandishi wa sarufi ya Kitswana iliyochapishwa mwaka wa 1955. Kitabu chake kuhusu lithopsi kilitoka mwaka wa 1988, baada ya yeye na mkewe, Naureen, kuzunguka jangwani kwa miaka mingi wakiisaka na kuiorodhesha.

Mmea wenyewe ni majani mawili tu, manene, yaliyoungana na kuacha ufa katikati. Huko kwao sehemu kubwa ya mwili hufukiwa mchangani, na kinachoonekana ni vipaji vya majani hayo, vyenye rangi na madoa ya mawe yanayouzunguka. Sehemu hiyo ya juu huwa ang’avu kama kidirisha, nao mwanga hupenya humo na kufikia chembechembe za kijani zilizo ndani. Vitundu vya kupumulia hufunguka usiku, wakati hewa imepoa, ili maji yasipotee kwenye jua la mchana.

Siri kubwa ya utunzaji imo katika ule ufa. Kila mwaka jozi mpya ya majani huchipuka humo na kunyonya maji yaliyomo katika majani makuukuu, hadi haya yanapokauka na kubaki membamba mithili ya ganda la kitunguu. Katika kipindi hicho mmea huonekana mgonjwa, ilhali unajilisha. Mwenye kuumwagilia maji wakati huo huvuruga utaratibu mzima: majani ya zamani hukataa kunyauka, jozi mbili hurundikana, na mara nyingi mmea hupasuka au kuoza kuanzia chini. Maji yarejeshwe pale tu ganda la nje linapokuwa limekauka kabisa. Baada ya hapo, dalili ya kiu ni mikunjo midogo ubavuni. Mmea ukiwa mgumu na umejaa, uachwe.

Hapa ndipo wanaofuata maelekezo ya Ulaya hupotea. Huko lithopsi hubadili majani kati ya Desemba na Machi, majira ya baridi yao. Anayenyima maji miezi hiyo Nairobi, kisha akaanza kunywesha Juni, amegeuza mambo juu chini. Kalenda ya Afrika Kusini, ambako mabadiliko hayo hutokea kati ya Juni na Agosti, inakaribiana zaidi na baridi yetu. Hata hivyo, karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana, na mmea mmoja unaweza kuanza kubadili majani ilhali jirani yake bado. Heri kuutazama mmea kuliko kutazama tarehe.

Suala la dirisha nalo lina mtego. Vitabu vya Ulaya husifu dirisha linaloelekea kusini. Nairobi, jua hupita upande wa kaskazini kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba, kisha likahamia kusini, na saa sita mchana huwa juu ya paa, haliingii ndani. Kwa mkazi wa ghorofa la Waithaka, dirisha la mashariki ndilo bora, kwa kuwa hupata jua la asubuhi mwaka mzima. La magharibi pia hufaa, mradi mawingu ya alasiri yasizidi. Lithopsi iliyokosa mwanga hurefuka kama kidole na kupoteza rangi. Iliyozoea kivuli nayo isitolewe juani ghafla, kwani itaungua.

Udongo mwekundu wa Dagoretti, unaostawisha sukuma wiki na migomba, haufai hata kidogo. Hushika maji kwa siku nyingi. Changanya sehemu tatu za mchanga mkavu wa chembe kubwa, kokoto ndogo au yale mawe mepesi ya volkano yapatikanayo eneo la Longonot, na sehemu moja tu ya udongo. Chungu kiwe na kina cha sentimita 10 hivi, kwa kuwa mzizi ni mrefu. Mkebe wa Kasuku unatosha, almuradi umetobolewa chini. Unapomwagilia, lowesha mchanganyiko wote, kisha uache ukauke kabisa kwa wiki kadhaa.

Anayetaka kuanza na mbegu ajihadhari na picha za lithopsi za buluu au za rangi za upinde wa mvua zinazosambazwa mtandaoni. Hakuna mmea wa namna hiyo. Mbegu zinazoagizwa kutoka ng’ambo huhitaji kibali cha shirika la KEPHIS kabla hazijasafirishwa. Aidha, ni vyema kuuliza mmea umetoka wapi. Tangu mwaka wa 2019 wizi wa mimea ya porini umekithiri Afrika Kusini, hasa wa konofitamu, ndugu wa lithopsi, hata serikali ya nchi hiyo ikazindua mkakati wa kitaifa wa kuukabili mwaka wa 2022.

Mbegu ni ndogo kama vumbi. Hutandazwa juu ya mchanga laini ulio na unyevu, zikafunikwa kwa kioo, na huota katika wiki moja au mbili. Ua la kwanza, jeupe au la manjano, huchukua miaka mitatu au zaidi, nalo hufunguka alasiri. Anayetaka mbegu zake mwenyewe hana budi kuwa na mimea miwili tofauti inayochanua pamoja, na kuhamisha chavua kwa brashi ndogo. Kifuko cha mbegu hubaki kimefumba kwa miezi mingi. Kidondoshee tone la maji, nacho kitafunguka mbele ya macho.