Mahali Ambapo Wimbi Halirudi: Mifereji ya Meru na Mashimo Meusi ya Angani

Mito ya Themi, Nduruma, Tengeru, Usa na Maji ya Chai huteremka kutoka Mlima Meru, na maji yake huelekea mto Kikuletwa na bwawa la Nyumba ya Mungu. Tangu kabla ya utawala wa kikoloni, Waarusha na Wameru wamekuwa wakichimba mifereji ili kuyaongoza maji ya mlima hadi kwenye migomba na mashamba yao. Watumiaji wamezidi kuongezeka: wakulima wa juu, wakulima wa chini, jiji la Arusha, na mitambo ya umeme iliyo mbali zaidi katika bonde la Pangani. Kwa hiyo swali la kila kiangazi ni moja: nani amepata maji kiasi gani?

Swali hilo halijibiwi kwa kutazama tu. Mfereji mpana wenye maji yaendayo polepole unaweza kupitisha maji machache kuliko mfereji mwembamba wenye mkondo mkali. Makala haya yanaeleza kanuni moja ya mwendo wa maji ambayo humwezesha fundi kupata jibu kwa kutumia rula. Kanuni hiyo hiyo huwasaidia wanafizikia kuchunguza mashimo meusi, yaani vitu vya angani ambavyo hata nuru haiwezi kutoka ndani yake.

Mashindano ya wimbi na mkondo

Wahenga walisema kwamba maji hufuata mkondo. Wimbi, hata hivyo, halilazimiki kuufuata. Jiwe likitupwa katika maji yaliyotulia, mawimbi huenea pande zote kwa kasi iliyo sawa. Likitupwa katika mfereji uendao polepole, wimbi la upande wa chini husaidiwa na mkondo na kwenda upesi, na la upande wa juu hupanda kwa taabu.

Katika maji ya kina kifupi, kasi ya wimbi lililo refu kuliko kina hicho hutegemea kina chenyewe. Kina huzidishwa kwa mchapuko wa uvutano wa dunia, ambao ni mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde, kisha hutafutwa kipeuo cha pili cha jawabu. Kwa kina cha sentimita 10, wimbi huenda karibu mita 1 kwa sekunde. Kwa kina cha sentimita 40, karibu mita 2 kwa sekunde.

Mfereji ufikapo penye mteremko mkali, maji huongeza kasi na kina chake hupungua. Mambo mawili hutokea kwa pamoja: mkondo huzidi kwenda mbio, na wimbi huzidi kwenda polepole. Hatimaye hupatikana mahali ambapo kasi hizo mbili zinalingana. Chini ya mahali hapo, wimbi linalojaribu kupanda hubebwa na mkondo kwenda chini. Uwiano wa kasi ya mkondo kwa kasi ya wimbi huitwa namba ya Froude, kwa heshima ya William Froude, mhandisi wa Uingereza aliyeishi kati ya mwaka 1810 na 1879. Uwiano ukiwa chini ya 1, mawimbi huweza kupeleka habari za chini hadi juu. Ukizidi 1, hayawezi.

Mpaka wa shimo jeusi

Shimo jeusi hutokea pale maada nyingi inapobanwa katika nafasi ndogo mno. Karl Schwarzschild, mwanafalaki wa Ujerumani, alichapisha mwaka 1916 hesabu ambazo kutokana nazo ukubwa wa mpaka wake hupatikana. Kwa tungamo sawa na la Jua, nusu kipenyo cha mpaka huo ni karibu kilomita 3. Hapo hapana ukuta wowote. Ila nuru iliyokwisha kuuvuka kwenda ndani hairudi nje, kama wimbi lisivyoweza kupanda mteremko wa mfereji.

Ulinganisho huu si wa maneno matupu. Mwaka 1981, William Unruh wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, alionyesha kwamba milinganyo ya sauti ndani ya kiowevu kinachotiririka hufanana na milinganyo ya mawimbi karibu na shimo jeusi. Mwaka 2002, yeye na Ralf Schützhold walilipanua wazo hilo hadi kwenye mawimbi ya juu ya maji ya kina kifupi.

Haja ya njia hii ni dhahiri. Mwaka 1974, Stephen Hawking alitabiri kwamba shimo jeusi hutoa joto hafifu. Kwa shimo lenye tungamo la Jua, halijoto hiyo haizidi sehemu moja kwa milioni kumi ya digrii juu ya sifuri halisi, na anga lenyewe lina joto zaidi ya hapo. Darubini haiwezi kuitambua, lakini mawimbi ya maji yanaweza kupimwa maabarani. Mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, walitangaza matokeo ya majaribio ya tangi ambamo maji yalizunguka yakitokea kwenye tundu la katikati. Baadhi ya mawimbi yaliyoelekezwa huko yalirudi yakiwa na nguvu zaidi, kama nadharia ilivyotabiri kuhusu mashimo meusi yanayozunguka. Nguvu ya ziada ilitokana na mzunguko wenyewe wa maji.

Hata hivyo, ulinganisho huu una kikomo. Maji hayapindi anga na wakati kama uvutano wa shimo jeusi ufanyavyo. Tena viwimbi vifupi sana vina kasi yao tofauti, na vinaweza kupita mahali ambapo mawimbi marefu yamekwama. Zaidi ya hayo, mtoto anaweza kuokota jani chini ya mteremko na kulirudisha juu kwa miguu. Kwenye shimo jeusi hakuna njia ya pembeni.

Faida ya mpaka kwa mwenye mfereji

Kwa mhandisi, mpaka huo ni chombo cha kazi. Kwa kuwa habari za chini hazipandi, yanayotokea chini hayabadilishi kina cha maji yaliyo juu yake. Kina hicho hutegemea wingi wa maji yanayofika na umbo la mfereji tu. Ndiyo sababu hujengwa kizingiti cha saruji chenye uso bapa, au mfereji hubanwa kwa kuta mbili kama alivyofanya Ralph Parshall wa Colorado, Marekani, katika kipimio alichokibuni miaka ya 1920.

Mfano ni kizingiti chenye upana wa sentimita 50. Maji yaliyo nyuma yake, yakienda polepole, yanasimama sentimita 15 juu ya uso wa kizingiti. Kina cha mpakani ni theluthi mbili ya kimo hicho, yaani sentimita 10, na kwa kina hicho kasi ni karibu mita 1 kwa sekunde. Upana, kina na kasi vikizidishwa pamoja hutoa meta za ujazo 0.05 kwa sekunde, yaani lita 50. Msuguano hudai masahihisho madogo tu.

Kipimo hiki huharibika mpaka unapozamishwa. Mchanga na majani yakiuziba mfereji chini ya kizingiti, maji hujaa kurudi nyuma na mkondo wa kasi hutoweka. Rula huonyesha kimo kikubwa ilhali maji yanayopita hayakuongezeka. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 huweka utaratibu wa vibali vya kutumia maji. Kizingiti kilichozamishwa kinaweza kuwafanya wenye kibali waonekane wamechukua maji wasiyoyapata. Hivyo kusafisha mfereji upande wa chini ni sehemu ya upimaji wa haki.

Jaribio la darasani

Mpaka huu unaweza kuonekana kwenye sinia bapa lililowekwa chini ya bomba. Maji hutawanyika kwa kasi katika utando mwembamba, kisha ghafula huinuka na kufanya duara. Ncha ya sindano ikigusa maji ndani ya duara, mawimbi hufanya umbo la herufi V na hayaendi kinyume cha mkondo. Ikigusa nje ya duara, umbo hilo hutoweka. Hapa mawimbi ya nje hayawezi kuingia ndani, jambo lililo kinyume cha shimo jeusi. Wanafizikia huliita shimo jeupe.

Shule iliyo karibu na mfereji inaweza kuendelea zaidi. Wanafunzi, wakiwa na mwalimu wao, wapime kina kwa rula na kasi kwa jani lielealo, kisha watafute namba ya Froude juu na chini ya kizingiti. Hesabu hiyo ikifanywa mbele ya wakulima wa juu na wa chini, pande zote mbili zitakuwa na tarakimu moja ya kuzungumzia.