Tairi la Mwanafunzi

Pikipiki ya kujifunzia huwa naitambua kwa mbali, kabla sijamwona anayeiendesha. Ina kioo kimoja cha pembeni, taa ya breki inayowaka ikijisikia, na tairi la mbele lililotoka kipara. Mwulize mwenyewe kwa nini, atakujibu bila haya kwamba matairi mapya atafunga kijana akishazoea. Kwa sasa ajifunzie haya haya, maana ataanguka tu. Na kweli kijana ataanguka, na mwenye pikipiki atakikumbusha kijiwe kizima kwamba alisema.

Mimi naona mambo tumeyapindua. Ikiwa nyumba ina pikipiki mbili na jozi moja ya matairi mapya, jozi hiyo ni ya yule aliyepata leseni mwezi uliopita. Mzoefu anaweza kuishi na tairi baya kwa sababu ameshajua kulibembeleza: hushika breki kidogo kidogo, huiona oili iliyomwagika kabla hajaifikia, na gurudumu la nyuma likiteleza makalio yake hupata habari kabla ya kichwa. Mwanafunzi hana hata moja kati ya hayo. Akishtuka hubana breki ya mbele kwa vidole vyote vinne na kukaza mikono. Pikipiki nyingi za cc 125 na 150 zinazouzwa kwetu hazina mfumo wa ABS wa kuzuia gurudumu lisigande, kwa hiyo kati ya vidole hivyo vinne na lami hakuna msuluhishi ila kipande cha mpira kisichozidi kiganja.

Mwishoni mwa Februari, masika yakiwa yananukia, mpwa wangu alinunua pikipiki ya mtumba ya cc 150 ya kumpeleka kazini kutoka Kimara. Leseni yake ilikuwa na wiki sita. Akanipigia simu: "Mjomba, twende Kariakoo ukanisaidie kupatana bei ya tairi." Mimi si fundi. Nimeendesha miaka ishirini na kuanguka mara tatu, mbili kati ya hizo kwa kosa la tairi. Ya tatu tuiache.

Matairi aliyoikuta nayo pikipiki, kwa maneno ya aliyemuuzia, yalikuwa "bado sana". Kashata, yale matofali ya mpira yanayogusa barabara, zilionekana vizuri ukichungulia ubavuni. Katikati palikuwa bapa kama kibao cha chapati. Ndivyo inavyokuwa kwa pikipiki inayonyoosha Barabara ya Morogoro kila siku, asubuhi kwenda, jioni kurudi: tairi huliwa katikati, mabega yanabaki, na mviringo wake unapotea. Ukiilaza pikipiki hiyo kuingia kona, inagoma, inagoma tena, halafu inadondokea bega kwa ghafla. Mzoefu atasema tairi limekwisha. Mwanafunzi hudhani yeye ndiye hajui, anaanza kuziogopa kona, na kwa kuwa anaziogopa anazikata vibaya hata siku atakapopewa pikipiki nzima.

Ndani ya mitaro ya tairi kuna vinundu vidogo, na ubavuni huandikwa TWI au huwekwa pembetatu ya kuvielekeza. Mpira ukishuka ukalingana na vinundu hivyo, tairi limekwisha, hata kama mabegani kumebaki mpira wa kumwazima jirani. Katika matairi mengi ya pikipiki kimo cha vinundu ni kama milimita 0.8. Uingereza sheria inataka angalau milimita 1 kwa pikipiki. Kwa mtu mwenye leseni ya wiki sita, anayekaribia kukutana na masika yake ya kwanza, ningeliondoa likiwa na 2. Na wapo wanaokwenda kinyume chake: wanachukua tairi lililokwisha, wanalichonga mitaro mipya kwa kisu, wanalipaka rangi nyeusi. Mitaro hiyo imechimbwa katika mpira mwembamba uliokuwa umebaki kufunika nyuzi. Kazi ya mikono yenyewe, nakiri, huwa safi.

Dukani mpwa wangu alikwenda moja kwa moja kwenye tairi pana kuliko yote. "Hili nyuma likijaa, linapendeza." Linapendeza kweli, kwa anayelitazama akiwa amesimama. Pikipiki yake imeandikiwa 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma: namba ya kwanza ni upana kwa inchi, karibu milimita 70 na 76, ya pili ni kipenyo cha rimu. Matairi mengine huandikwa kwa mtindo mpya, kama 90/90-17, yaani upana wa milimita 90, kimo asilimia 90 ya upana huo, rimu ya inchi 17. Ukilibana tairi pana kwenye rimu nyembamba, mabega yanavutwa ndani, mgongo unachongoka, na sehemu inayogusa lami haiongezeki kama macho yanavyoahidi. Usukani unakuwa mzito, na wakati mwingine tairi linasugua mnyororo au bampa. Aliyeunda pikipiki alishapiga hesabu hizi. Hakuwa bahili wa mpira.

Baada ya ukubwa zinafuata namba ambazo karibu hakuna anayeziuliza, tarakimu mbili na herufi moja, mfano 50P. Herufi ni mwendo: P ni kilomita 150 kwa saa, kasi ambayo pikipiki hii ingeifikia labda kwa kuangushwa kutoka mlima Kitonga. Tarakimu ni mzigo, na hapa ndipo penye kazi. 50 maana yake kilo 190. Piga hesabu ya juu juu: pikipiki na mafuta yake kilo 125, dereva 70, abiria 75, mfuko wa sokoni 20. Jumla 290, na kiasi cha thuluthi mbili hulala nyuma. Umeshafika kikomo na wala hujafanya kosa lolote. Sasa panda mshikaki, abiria wawili badala ya mmoja, na karibu uzito wote wa huyo wa ziada unalishukia tairi la nyuma. Kwa hiyo ukiona matairi mawili ya ukubwa uleule, moja limeandikwa 4PR na jingine 6PR, lile la 6PR ndilo limejengwa kubeba zaidi. Wauzaji wengi hueleza tofauti hiyo kwa kusema moja ni "original". Neno hilo Kariakoo halina maana yoyote.

Kuhusu chapa sina mengi. Zipo za Kihindi, kama MRF na CEAT, zilizozoeleka kwenye pikipiki ndogo na zinazostahimili mzigo na vumbi. MRF, kwa wanaopenda kujua, ilianza Madras mwaka 1946 ikitengeneza maputo ya watoto. Zipo za Kichina za kila daraja, nzuri na za aibu. Nitachagua la kati lililotoka kiwandani juzi, niliache la jina kubwa lililozeeka dukani.

Maana tairi huzeeka hata likiwa halijavaliwa. Joto, jua na hewa hukausha mpira. Ukiwa mgumu haushiki tena lami, hasa lami iliyolowa. Tangu kiwanda cha General Tyre pale Arusha kilipozima mitambo mwaka 2009, tairi zetu tunazingojea kwa meli, na kutoka melini hadi mlangoni mwa duka kuna bandari, ghala, ghala jingine, na msumari ambapo tairi litaning'inizwa juani likiwa limeviringishiwa karatasi ya kumetameta. Tarehe ya kuzaliwa imo ubavuni: tarakimu nne, mara nyingi ndani ya duara refu kama yai. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi alilotaka kutuuzia kijana wa dukani liliandikwa 3115, wiki ya 31 ya mwaka 2015.

"Hilo jipya kabisa, mzee wangu. Halijawahi kuvaliwa."

Hakuwa anadanganya. Nikambonyeza mpwa wangu aukwaruze mpira kwa ukucha, halafu akwaruze la pembeni yake lililokuwa na umri wa miezi minane. La kwanza halikuacha alama. La pili liliacha mstari uliojifuta polepole. Akakunja la zamani kidogo kwenye ubavu, na nyufa nyembamba kama za kisigino cha kiangazi zikajitokeza kati ya kashata. Watengenezaji wengi hushauri tairi likishatimiza miaka 5 likaguliwe kila mwaka, na likifika 10 liondolewe hata kama kashata zake zimejaa. Kijana wa duka alisikiliza kwa heshima, kisha akalirudisha kwenye msumari.

Ubishi uliobaki ulikuwa wa kashata kubwa na ndogo. Rafiki zake mpwa wangu walimwambia achukue tairi la vumbi, lile la meno marefu, kwa sababu "linashika". Linashika matope. Juu ya lami meno yale hugusa kwa ncha tu, hupinda unapofunga breki, na barabara ikilowa ndipo yanapokuacha. Mvua ya kwanza ya masika huinua mafuta na vumbi la miezi mitatu, na mistari myeupe ya vivuko pamoja na mifuniko ya chuma ya mitaro huwa kama imepakwa sabuni. Pale linalohitajika ni tairi la lami, lenye mpira laini kiasi na mitaro ya kutupa maji pembeni. Wenzangu wa Goba ndani na Kivule watanilaumu, na wana haki: anayemaliza safari yake kwa kilomita tatu za utelezi anaweza kuchukua lile la katikati, kashata pana zenye nafasi za wastani. Lakini ahesabu anaendesha wapi saa nyingi na kwa kasi ipi. Kwenye matope wengi huanguka wakiwa wanakwenda mwendo wa mguu. Kwenye lami, kwa kilomita 40 kwa saa, sekunde moja ya kushtuka tu imekula mita 11 kabla breki haijaguswa.

Fedha zilitosha matairi mawili. Zisingetosha, ningeshauri la mbele kwanza, ingawa kila kijiwe hufanya kinyume, hubadili la nyuma mara mbili kabla ya kulikumbuka la mbele. La nyuma huisha haraka na huonekana. Lakini ukifunga breki uzito mwingi unakimbilia mbele, na tairi la mbele likiteleza mwanafunzi hana muda wa kujifunza chochote, yuko chini. La nyuma likiteleza, mara nyingi humpa nafasi.

Fundi alifanyia kazi chini ya mwarobaini, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Mambo matatu niliyasimamia kama mgambo. Tyubu mpya, kwa sababu tyubu kuukuu imeshatanuka na hujikunja ndani ya tairi jipya. Mshale wa ubavuni utazame upande gurudumu linakozungukia. La mbele aliligeuza, tukamrudisha. Na chuma cha kuvalishia tairi badala ya bisibisi, maana bisibisi hung'ata tyubu na pancha inazaliwa siku hiyohiyo, fundi akiwa amekaa palepale akiisubiri. Baada ya kujaza upepo tukazungusha gurudumu na kutazama ule mstari mwembamba wa mpira unaopita kando ya rimu. Upande mmoja ulizama. Akashusha upepo, akapaka povu la sabuni, akajaza tena, ukakaa sawa pande zote.

Upepo wenyewe alitaka kuupima kwa kidole gumba. Kidole gumba cha fundi wa miaka thelathini kina heshima yake, ila hakisomi psi 25 wala 30. Pikipiki za aina hii huandikiwa mbele kama 25, nyuma 28 hadi 32 kulingana na mzigo, na namba kamili imo kwenye kijitabu au karatasi iliyobandikwa karibu na mnyororo. Hupimwa asubuhi, tairi likiwa baridi. Geji ya mfukoni ni bei ya chakula cha mchana, na nilimnunulia mimi.

Nilimwambia pia kilomita 150 za kwanza aende taratibu, asilaze pikipiki sana wala kubana breki kwa nguvu, kwa sababu tairi jipya lina ngozi nyororo kutoka kwenye chuma lilimokandiwa na halishiki hadi lami iikwaruze. Aliitikia, "Sawa, mjomba," kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuwasha injini.

Masika aliyapita salama. Aliteleza mara moja Ubungo, nyuma, akairudisha, akanipigia simu kunisimulia kwa furaha isiyo ya kawaida. Lile tairi la 3115 nimelipita juzi Kariakoo. Bado liko kwenye msumari wake, wamelibadilishia karatasi.